Shangazi Alipochukua Jiko

Shangazi Kalolaine amechukua vitu vingi kwetu kuliko bahari. Bahari ilikuja mara moja tu. Yeye alikuwa anakuja kila wiki.

Ninavyovikumbuka mimi ni redio, cherehani ya mama, nguruwe jike mwenye mimba, na mwaka mmoja alichukua mlango. Mlango wenyewe wa mbele. Alisema kwake upepo unaingia. Baba akaung'oa, akaubeba kichwani mpaka ng'ambo ya njia, akaupigilia bawaba kwa dada yake, akarudi kututundikia shuka. Mama alikaa siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu alisema, ila alisema na sufuria.

Kwetu ndivyo ilivyo. Dada wa baba yako ni mkubwa kuliko baba yako, na akikitamani kitu nyumbani mwenu basi ni chake, hakuna wa kumwuliza. Hata jina langu alitoa yeye. Nilipozaliwa alinitazama, akafikiri majina yote mazuri anayoyajua, akaona hakuna linalolifikia lake. Kwa hiyo na mimi ni Kalolaine. Watu wananiita Kalo tusije tukachanganywa, japo sijui nani angetuchanganya. Yeye mwili umejaa na sauti yake inafika shuleni kabla ya kengele. Mimi naambiwa nimemeza ulimi.

Alifiwa na mume mapema, hakujaliwa mtoto, akabaki na mikeka. Anasuka mikeka ya ukili wa mkadi, laini kama kitambaa, na hakuna harusi kisiwani petu iliyofanyika bila mkeka wake. Nusu ya wanawake wa kwetu aliwafundisha kusuka. Nusu nyingine aliwapiga vidole mpaka wakajifunza kwa hasira.

Sasa, pamoja na kuchukua kote huko, Shangazi na baba yangu Semisi hawajawahi kulala chini ya paa moja tangu baba alipoota ndevu. Si ugomvi. Ni heshima. Kaka na dada wakishakua hawalali nyumba moja, hawakai chumba kimoja, na kaka hatamki neno la utani ambalo sikio la dada yake linaweza kulidaka. Baba akiwa anacheka na wenzake na Shangazi akatokea njiani, kicheko kinakatika kama bomba lililofungwa. Wakiwa na jambo la kuzungumza, wanazungumza kwenye uzio, baba akitazama mnazi, Shangazi akitazama nguruwe. Mgeni angepita angedhani mnazi na nguruwe ndio wanaosalimiwa.

Ulipolipuka ule mlima wa chini ya bahari na mawimbi yakaja, sote tulikimbilia kilimani. Hata siku ile Shangazi alikaa upande wa mashariki wa kilima na baba upande wa magharibi, kisiwa kizima katikati yao. Shangazi alikuwa ameokoa kitu kimoja, mkeka wake wa kiunoni, ule wa kuvaa siku kubwa, uliosukwa na bibi yake. Baba aliokoa watoto wawili wa jirani na kuku. Shangazi alituma mtu kuuliza kuku alikuwa na kazi gani.

Majivu yakanyesha siku tatu kama unga. Baba hakutulia, alikuwa akishuka kufukua matangi ya maji na kuvuta mabati ya watu, na ndiko alikokipata kile kikohozi. Meli ya jeshi ilipotuchukua kutupeleka kisiwa kikubwa alikuwa anakohoa kama injini inayokataa kuwaka. Kule chini hakuna nyumba iliyobaki. Hata ule mlango sijui ulielea kwenda wapi.

Tulipewa ukumbi wa kanisa. Ukumbi wa bati, mrefu, dari ya juu, na nyuma yake, hatua kama ishirini hivi, kuna jiko limejengwa peke yake kwa matofali, na stoo ndani yake, maana wenye kanisa lao wanapenda kula. Tulikuwa watu thelathini na nane, koo mbili tu. Aliyetupokea ni Hepisi, karani wa mambo ya maafa, msichana wa mjini, mkarimu, ana kalamu tatu kwenye nywele. Alikuwa amehangaika siku nzima kutupangia magodoro. Akatuambia kwa furaha kwamba amehakikisha hakuna aliyetenganishwa na ndugu zake. Kila ukoo pamoja. Godoro la Shangazi lilikuwa hapa, na la baba lilikuwa hapo, ungeweza kuweka kikombe katikati na kisingekaa vizuri.

Mahali pengine mtu angemwambia. Sisi hatukumwambia. Kulitaja tu jambo lenyewe, kwamba fulani ni dada wa fulani na hawawezi kulala hapa, mbele yao wote wawili, ni aibu kuliko kulala hapo. Kwa hiyo Mzee Hamani, ambaye ndiye msemaji wetu, alisimama akatoa shukrani ndefu sana kwa mpango ule mzuri. Tukaimba. Tukasali. Ilipofika saa ya kulala, wanaume wakainuka mmoja mmoja, huyu anakwenda kutazama mvua, huyu amesahau kitu nje, na hakuna aliyerudi. Asubuhi Hepisi alikuta wanawake na watoto ndani, magodoro kumi na moja hayajaguswa, na wanaume wote chini ya maturubai kando ya uzio, wanachekana.

Akauliza kama magodoro yana kunguni. Mzee Hamani akamhakikishia kwamba ni magodoro bora aliyowahi kuyaona.

Wale wengine kulala nje hakukuwasumbua. Walikuwa na bakuli lao la kava, kile kinywaji cha mizizi, hadithi zao, na hakuna mke wa kuwaambia wanyamaze. Lakini baba kifua kilizidi. Juu ya hayo, Hepisi alikuwa amempa kazi ya jiko. Kwetu moto mkubwa na shimo la kupikia kwa mawe ya moto ni kazi ya wanaume, na baba anaijua, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa na ufunguo wa jiko na stoo, yeye ndiye aliyepokea magunia ya unga, magimbi, na makatoni ya nyama ya kopo. Mchana anameza moshi, usiku analowa. Wiki ya pili muuguzi wa zahanati alimwekea kile kipimo mgongoni, akasikiliza, akamwambia mama pembeni kwamba pafu la kulia limeanza kujaa. Akasema dawa atampa, ila mtu huyu akiendelea kulala kwenye unyevu, dawa ni kazi bure, na wiki ijayo atamwona kitandani hospitalini, kama atawahi.

Mama alirudi akalieleza hilo kwa sauti iliyokusudiwa Shangazi aisikie, huku akikunja nguo.

Hepisi naye alishaambiwa na mke wa Hamani habari ya kaka na dada, kando ya bomba, kwa kuzungukazunguka sana. Akajipiga paji la uso. Alisema kwao pia bibi yake alikuwa hivyo, lakini mjini mambo yamelegea, watu wanatazama televisheni pamoja na dada zao na paa halijaanguka. Akaleta turubai kubwa la buluu, akalitundika katikati ya ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta. Huku wanawake, huku wanaume. Baba kwa kumheshimu akaingia, akajilaza. Tukasikiliza. Upande wetu Shangazi akasafisha koo, kidogo tu, kama mtu yeyote. Upande wa pili tukasikia godoro likiburutwa kwenda nje, na wenzake wakamfuata.

Siwezi kumlaumu baba. Turubai lina macho gani? Halioni, lakini linasikia vizuri sana.

Kesho yake mvua ilishika. Shangazi akamtuma mama amwambie mumewe aingie ndani, hiyo ni amri. Baba akajibu kwamba amesikia, na anamshukuru dada yake, na hakuingia. Hapo ndipo Shangazi alipofanya kosa lake. Alibeba godoro lake mwenyewe, akatoka mchana kweupe, akaliweka chini ya mshelisheli, akakaa juu yake kwenye manyunyu. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Yeye akiwa nje, ndani kuna nafasi, kaka ataingia.

Lakini ni kaka gani wa kwetu atakayelala ndani wakati dada yake mkubwa ananyeshewa? Baba alipomwona alikuja mbio, kichwa chini, bila neno, akang'oa turubai lake mwenyewe na nguzo zake, akamsimikia dada yake pale alipokaa, akakaza kamba vizuri. Kisha akaenda kusimama chini ya mbingu tupu karibu na barabara, mbali, ili asimkaribie. Sasa wote wawili walikuwa nje, mmoja mkavu kwa lazima na mmoja amelowa kwa hiari, na ukumbi mzima uko wazi nyuma yao. Watoto waliona ni mchezo, wakauliza kama na wao watoke.

Shangazi alivumilia kama nusu saa. Kisha akarudi ndani na godoro lililolowa, uso umevimba, akakaa akaanza kusuka bila kumtazama mtu. Alisuka vibaya. Akafumua, na sikuwahi kumwona akifumua kabla ya siku ile.

Siku ya Jumanne Hepisi alikuja na orodha, na safari hii hakuwa na kalamu hata moja kwenye nywele. Alisema Alhamisi meli inaleta watu wa kisiwa kingine, familia sita, na hana pa kuwaweka. Ofisini wamemuuliza kwa nini upande wa wanaume wa ukumbi huu uko tupu siku zote. Yeye hataki kumsukuma mtu, lakini Jumatano jioni atahesabu wanaolala ndani, na nafasi zisizolaliwa zitaandikwa za wageni. Baada ya hapo, alisema akimtazama mama, hata mtu akitaka kuingia hatakuwa na pa kuingia.

Mzee Hamani akamshukuru kwa orodha yake nzuri.

Wakubwa wengine, Semisi na Kalolaine wakiwa hawapo, walijadiliana wee. Mmoja akasema Semisi alale kanisani. Hamani akasema nyumba ya Mungu si nyumba ya kukohoa. Mwingine akasema Kalolaine aende kwa jamaa mjini, lakini jamaa wenyewe walikuwa wamejaza watu mpaka barazani. Mke wa Hamani akataja jiko, Semisi alale jikoni, akakumbuka moshi, akanyamaza. Kuhusu Kalolaine kulala jikoni hakuna aliyethubutu hata kuliwaza. Kwetu jikoni ni mahali pa wadogo. Kukiwa na msiba, watu wa chini ndio wanaoshinda jikoni na masizi, na mtu kama Shangazi anakaa kichwani pa marehemu, anapepewa. Kumwambia dada mkubwa wa ukoo akalale kwenye masufuria ni kumtukana yeye, na kaka yake, na hata mimi niliyepewa jina.

Jumatano saa tisa alasiri tulikuwa tumejipanga mbele ya jiko kupokea chakula. Baba alikuwa mlangoni na ufunguo shingoni, akigawa magimbi, akigeukia ukutani kila anapotaka kukohoa. Ndipo Shangazi akatokea ukumbini. Alikuwa amefunga kiunoni ule mkeka wa bibi yake. Foleni nzima ikageuka. Mkeka ule hauvaliwi kwa ajili ya magimbi.

Baba alipomwona alishuka ngazi, akarudi nyuma mpaka kwenye tangi la maji, akakaa chini na kutazama ardhi.

Shangazi hakumtazama. Alisimama mbele ya mlango, akalikagua jiko juu hadi chini kama mtu anayenunua nguruwe. Akamwuliza Hamani, "Jiko hili ni la nani?"

"La kanisa, dada."

"Sijauliza la kanisa lipi. Nimeuliza, tangu tumefika, liko mikononi mwa nani?"

Hamani akakiri kwamba liko mikononi mwa Semisi.

"Na stoo? Na unga? Na zile nyama za kopo?"

"Vyote kwa Semisi, dada."

"Basi nimelichukua," akasema Shangazi.

Hamani alicheka kidogo, akifikiri ni utani, akaona si utani. Akasema kwa upole kwamba jikoni hapamfai mtu kama yeye, wao wadogo wapo, kama anataka chai ataletewa.

"Nani kakwambia naenda kupika, Hamani? Nimekaa miaka yote hii nachukua kwa kaka yangu, leo ndiyo nikuombe ruhusa wewe? Nilichukua mlango wake. Nilichukua nguruwe. Sasa mali yote iliyobaki kwake duniani ni jiko hili na vilivyomo, na ninalitaka lote, leo, na nitakaa ndani yake mchana na usiku, maana nawajua nyie na makopo. Nyie wanaume pikeni huko nje kwenye shimo, mkimaliza mniletee."

Mtu mmoja nyuma akasema polepole kwamba kuhusu makopo ana haki. Kisha nikaona jinsi neno lilivyokuwa likiwaingia watu mmoja mmoja. Hakuwa ametupwa jikoni. Alikuwa amelinyakua. Lilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote tulivyokuwa navyo, na mkubwa amekichukua, kama inavyostahili. Mke wa Hamani aliinamisha kichwa kwa heshima, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, sijui kwa kilio au kicheko.

Baba aliinuka. Akavua ufunguo, akaja ameinama, akauweka juu ya ngazi ya jiko, akarudi kinyumenyume. Alisema, akilitazama tangi, "Asante kwa kuchukua, dada."

Shangazi akaliambia jiko, "Halikufagiliwa vizuri."

Jioni ile ile Hepisi alipokuja kuhesabu, Shangazi alikuwa ameketi juu ya magunia manne ya unga yaliyotandikwa mkeka, na ukuta wa matofali na mlango uliofungwa vikiwa katikati yake na watu. Ukumbi mzima haukuwa na dada mkubwa wa mtu. Waliobaki, ambao ni kaka na dada kwa ubinamu tu, walikubaliana kwamba turubai la buluu linawatosha, kwa kuwa wao si Kalolaine. Wanaume kumi na mmoja waliingia, wengine wakinung'unika kuhusu kava yao. Baba akaingia wa mwisho, akachagua godoro la pembeni kabisa, kavu, mbali na mlango. Hepisi akaandika. Aliniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa karibu, nini kimetokea. Nikamwambia Shangazi amelichukua jiko. Akaniangalia, akaandika na hilo.

Wale wa meli walipofika Alhamisi walibanwa pamoja nasi mpaka pumzi ikawa ya kugawana, lakini hakuna aliyelala nje.

Nisidanganye kwamba Shangazi alikuwa mtawala mwema. Nyama ya kopo ilianza kutoka kwa kipimo cha kijiko. Hamani alipoomba sukari ya ziada aliambiwa aeleze ile ya juzi ilikwenda wapi. Wanaume walipoleta chakula kutoka kwenye shimo, magimbi na nyama ndani ya majani na tui, alionja kwanza yeye, akasema chumvi, au akasema kuni, au akatikisa kichwa tu, na walirudi wakisukumana kama watoto wa shule. Mgongo ulimuuma kwa kulalia magunia. Mama alimpelekea godoro. Alilikataa, akasema yeye hakwenda pale kulala.

Jiko lina kidirisha kinachotazama ukumbini. Siku ya kwanza tu aliniamuru nimsaidie kusogeza yale magunia mpaka ukuta wa mbali, ili asije akasikia usingizi wa kaka yake. Ilimbidi basi apate habari kwa njia nyingine, na kuulizia kulala kwa kaka haiwezekani. Kwa hiyo kila asubuhi ninapokwenda kuchukua uji ananitazama usoni, mimi mwenye jina lake hilo hilo, na kuniuliza kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Kalo. Jana umekohoa?"

"Nimekohoa, shangazi. Mara tisa."

Akanichotea uji. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi nilimwambia mara saba. Jumapili, kwa sababu ya hubiri refu na viti vya baridi, tulipanda tena tukafika nane, akamlaumu mchungaji. Muuguzi alikuja Jumatano, akasikiliza mgongo wa baba muda mrefu, akamwambia mama kwamba pafu la kulia linapitisha hewa, aendelee hivyo hivyo, palipo pakavu. Mama alitaka kukimbilia jikoni kusema. Akajizuia, akakunja nguo.

Asubuhi iliyofuata nilikuta Shangazi ameshaamka, mkono kwenye kiuno kwa maumivu, mwiko hewani.

"Umekohoa mara ngapi?"

"Mara mbili, shangazi. Na moja nadhani ilikuwa ya kupaliwa tu."

Akaukoroga uji. "Umeanza kupona," akasema. Akanijazia bakuli, halafu akanichotea la pili, lililojaa zaidi, akanisogezea bila kuniambia ni la nani.